USIIFICHE BARUA YA MAHAKAMA

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Lakini je, mtu asiyeweza tena kufanya kazi, anayeishi kwa malipo ya ulemavu tu, atalipa na nini? Tumeona tueleze jambo hili, maana ndugu zetu wengi wanaosema Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, sasa wanaishi Marekani. Huko madeni ya hospitali na ya benki hufikishwa mahakamani mara kwa mara.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ameumia mgongo. Serikali humpa dola 900 kila mwezi. Siku moja analetewa karatasi za mahakama: anadaiwa dola 3,000. Anaogopa, anazificha chini ya godoro. Hapo ndipo anapokosea!

Mahakama haijui shida zake. Asipojibu kabla ya siku zilizowekwa kwisha, mdai anaweza kupewa ushindi bila mama kusikilizwa. Basi ajibu kwa maandishi. Kama deni si lake, au kiasi si sahihi, au muda wa kulidai mahakamani umepita, aseme. Nakala ya majibu aiweke.

Je, hela zake zitachukuliwa? Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya nchi hiyo, iliyotungwa mwaka 1935, inawakataza wadai wa kawaida kukamata malipo hayo. Tena, tangu mwaka 2011 iko kanuni kwa mabenki. Benki ikipata amri ya kukamata fedha, hutazama malipo ambayo serikali imeyaingiza moja kwa moja katika miezi 2 iliyopita. Kiasi hicho haikigusi. Kwa mama yetu ni dola 1,800. Akiwa na zaidi ya hapo, zile za juu zinaweza kuzuiwa mpaka aonyeshe mahakamani kwamba nazo ni za ulemavu. Kwa hiyo asizichanganye na hela nyingine.

Tusidanganyane, ulinzi huu una mipaka. Aliyekuwa akifanya kazi na kuchangia, malipo yake ya ulemavu yanaweza kukatwa kwa ajili ya matunzo ya watoto au kodi ya serikali kuu. Yale wanayopewa maskini wenye ulemavu hayakatwi kwa mambo hayo.

Na jela je? Mtu hafungwi kwa sababu ameshindwa kulipa deni la namna hii. Sheria ya mwaka 1977 inawakataza wakusanyaji wa madeni kumtisha mtu hivyo. Lakini mahakama ikimwita, aende. Kudharau amri ya mahakama ni kosa jingine.

Asiyejua kuandika majibu atafute ofisi ya msaada wa sheria. Nyingi husaidia maskini bila malipo. Aende na karatasi za mahakama, barua ya malipo ya ulemavu na hesabu za benki.

Ndugu msomaji, kama una jamaa huko, mwambie mapema. Sheria inamlinda, lakini haiwezi kumjibia barua iliyo chini ya godoro.