Vazi la Viini vya Maradhi na Urithi Wake: Maelezo kwa Mfano wa Pemba

Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba, ina sehemu kubwa ya nchi ya maweni. Maji ya mvua hayatulii juu ya ardhi hiyo, bali huzama upesi katika nyufa za mawe ya matumbawe, na uchafu ulio karibu na kisima huweza kufuatana nayo. Katika nchi ya namna hii homa ya matumbo ni jambo la kuogopwa. Mnamo miaka ya 2009 na 2010 ilipimwa damu ya wagonjwa wa homa waliofika katika hospitali za kisiwani Pemba. Kati ya viini 79 vilivyothibitika kuwa vya maradhi, 46 vilikuwa vya homa ya matumbo, yaani Salmonella Typhi, na 12 vilikuwa vya kichomi, yaani Streptococcus pneumoniae. Bakteria hizi mbili hazina udugu wa karibu, lakini zina desturi moja: kila moja hujifunika vazi.

Vazi hilo huitwa kapsuli. Neno hilo lina taabu yake, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kidonge cha dawa. Wala “ganda” halitoshi, maana ganda ni kitu kigumu, na bakteria ina ukuta wake mgumu ulio chini ya vazi. Kitu chenyewe ni ute: nyuzi ndefu za sukari zilizoungana na kushika maji. Chembe za damu zilindazo mwili humtambua adui kwa alama zilizo juu ya ukuta wake. Alama hizo zikifunikwa, adui hupita asijulikane. Kwa hiyo yafaa kusema “vazi la ute”, jina litajalo umbo na kazi yake pamoja.

Kwamba vazi hili ni jambo la urithi lilianza kudhihirika London mwaka 1928. Frederick Griffith aliwadunga panya bakteria hai za kichomi zisizo na vazi, nao hawakufa. Aliwadunga wengine bakteria zenye vazi zilizouawa kwa moto, nao pia hawakufa. Alipozichanganya mbili hizo, panya walikufa, na katika damu yao zilionekana bakteria hai zilizovaa, ambazo uzao wake nao ulivaa. Mwaka 1944, mjini New York, Avery, MacLeod na McCarty walionyesha kuwa kilichotoka kwa wafu kwenda kwa walio hai ni DNA. Hivyo vazi la kiini cha kichomi ndilo lililowafungulia wataalamu mlango wa kujua urithi wa viumbe vyote umeandikwa katika nini.

Vazi la kiini cha homa ya matumbo lilitambuliwa na Felix na Pitt mwaka 1934, likaitwa Vi, herufi za mwanzo za neno la Kiingereza lenye maana ya ukali wa kudhuru. Hufanywa na jeni kumi zilizopangana: moja ni msimamizi, nne hutengeneza nyuzi, na tano huzitoa nje na kuzishikiza. Jeni hizo zimo katika kipande kikubwa cha DNA ambacho wataalamu hukiita kisiwa, kwa kuwa kina dalili za kuwa kilitoka kwingine. Kisiwa hicho huweza kupotea, na bakteria ikabaki uchi. Hata kikiwapo, vazi halivaliwi wakati wote: ndani ya utumbo wenye chumvi nyingi msimamizi hunyamaza, bakteria iingiapo katika nyama ya mwili, huamka, na vazi likatandazwa.

Kiini cha kichomi kina mavazi ya aina zaidi ya 100. Jeni zake hukaa mahali pamoja katika kromosomu, kwa kawaida kati ya majirani wale wale; basi bakteria ipatapo DNA ya mwenziwe aliyekufa huweza kubadili vazi zima kwa mara moja.

Elimu hii inahusu uhai wa watoto. Chanjo ya kichomi iliyoanza kutolewa Tanzania kati ya mwisho wa 2012 na mwanzo wa 2013 huufundisha mwili kulitambua vazi. Sukari tupu haimfundishi vyema mtoto aliye chini ya miaka miwili, ndiyo sababu huunganishwa na protini. Kwa njia hiyo hiyo imetengenezwa chanjo ya Vi, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 itolewe tangu miezi sita palipo na homa ya matumbo nyingi. Lakini mwili hutambua vazi ulilofundishwa tu. Chanjo ya aina 13 haizuii mavazi yote ya kichomi, na chanjo ya Vi haina la kushika juu ya bakteria iliyo uchi. Mzazi wa Micheweni aulizaye kwa nini mtoto aliyechanjwa amepata kichomi anastahili kujibiwa hivyo, kwa maneno ayajuayo, asije akadhani kuwa chanjo ni bure.