Punguza Lenzi, Usipunguze Kihisi

Leica ya kwanza, iliyozinduliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1925, ilikuwa na lenzi moja tu. Huwezi kuibadilisha, ukimaliza kupiga unaisukuma irudi ndani, kamera unaitia mfukoni. Aliyeibuni, Oskar Barnack, alitumia filamu ya sinema ya milimita 35, lakini fremu ya sinema ya milimita 18 kwa 24 haikumtosha, akaiongeza maradufu ikawa 24 kwa 36. Waliozoea kamera kubwa za mabamba ya vioo waliiona negativu hiyo kuwa ndogo mno, na kwa ubora mtupu hawakukosea. Lakini tazama alikata wapi: eneo la picha alilipanua, unene akauondoa kwenye lenzi. Naamini uamuzi huo ndio unaomfaa hata leo anayetaka kamera ya kutembea nayo kila siku.

Madukani watu huuliza kwanza idadi ya megapikseli. Swali la kwanza lingekuwa ukubwa wa kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kikiwa kikubwa hukusanya mwanga mwingi, na picha ya jioni haijai chengachenga. Kihisi chenyewe ni chembamba. Kinachoinenepesha kamera ni lenzi ya kuvuta mbali, maana vioo vyake huongezeka na kuwa vizito. Linganisha kamera mbili. Sony RX100 ya mwaka 2012, yenye gramu 240, ilibaki na lenzi inayovuta, ikakubali kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8. Ricoh GR III ya mwaka 2019 ina gramu 257 pamoja na betri na kadi, karibu uzito uleule, lakini kihisi chake ni milimita 23.5 kwa 15.6 hivi: eneo zaidi ya mara tatu. Ilichotoa kafara ni kuvuta, basi.

Kuna watakaosema simu imeshamaliza mjadala huu, na hoja yao ina uzito. Simu nzuri hupiga fremu kadhaa kwa mfululizo, ikaziunganisha kuwa picha moja safi kuliko kihisi chake kidogo kingeweza peke yake. Ujanja huo hufaa sana jengo au sahani ya chakula. Mtoto anayekimbia taa zikiwa hafifu ni habari nyingine: kila fremu humkuta mahali tofauti, na programu hulazimika kubahatisha, ndiyo maana mkono au nywele hutoka kama zimepakwa rangi. Kwa mtu ambaye picha zake huishia WhatsApp, ambako hubanwa na kupunguzwa, tofauti hiyo haionekani, na sioni sababu ya mtu huyo kutumia fedha zake kununua kamera.

Pingamizi la pili ni kwamba lenzi moja inabana. Kwa ndege wa porini au mechi ya mpira ni kweli kabisa, na anayepiga hivyo abebe begi. Ila kwa sura za watu, sokoni au sebuleni, hatua mbili mbele hutosha. Na picha ya Ricoh ya megapikseli 24 ikikatwa ifanane na ya lenzi ya milimita 50, hubaki saba hivi, zinazokaribia kutosha chapa nzuri ya A4. Kwa hiyo kabla ya kulipa, izime kamera, itie kwenye mfuko wa nguo unayovaa kila siku, utembee nayo humo dukani. Ikikulemea, iache.