Msewe Ndani ya Mashine: Utungaji wa Nyimbo kwa Sampla na Sikwensa

Mashine ya padi za ngoma imeshakuwa chombo cha kawaida cha utungaji wa nyimbo katika Afrika Mashariki, kuanzia studio za Dar es Salaam hadi vyumba vya vijana wa visiwani wanaofanya kazi kwa simu na spika moja. Katika kisiwa cha Pemba, ambacho kwa miaka mingi kilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli yaliyokuwa Wesha, bandari iliyo magharibi ya mji wa Chake Chake, kazi ya studio ilianza kuwa nyepesi baada ya mwaka 2010, pale kisiwa kilipounganishwa na gridi ya taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Tangu hapo suala linalomkabili mtunzi wa Wesha ni la kisanaa zaidi kuliko la vifaa, nalo ni namna ya kuifanya mashine iliyobuniwa mbali itumikie midundo ya Pemba.

Chombo hiki huunganisha mitambo miwili. Wa kwanza ni sampla, ambayo hurekodi sauti yoyote, iwe ya ngoma, ya mtu au ya mawimbi, ikaihifadhi kwa tarakimu na kuitoa tena kila padi inapogongwa. Wa pili ni sikwensa, ambayo hukumbuka padi ipi iligongwa, wakati gani na kwa nguvu kiasi gani, kisha ikaurudia mpangilio huo kadiri mtunzi atakavyo. Kwa kuwa sikwensa huhifadhi maagizo tu na haina sauti yake yenyewe, mdundo uliokwisha kupangwa unaweza kubadilishiwa ngoma moja kwa nyingine bila ya kupigwa upya.

Mashine za aina hii zilipata umbo lake kwa mchango mkubwa wa Mmarekani Roger Linn, ambaye mwaka 1980 alitoa LM-1, mashine ya kwanza ya midundo kutumia sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kwa tarakimu. Mwaka 1988 kampuni ya Akai ya Japani ilitoa MPC60 aliyoibuni Linn huyo huyo, yenye padi 16 za mpira zilizopangwa safu nne kwa nne, mpango ambao hadi leo unaonekana katika mashine nyingi na hata katika programu za simu. Kumbukumbu ya MPC60 ilichukua sekunde 13 hivi za sauti, na ufinyu huo uliwalazimisha watunzi kuchagua vipande vifupi vyenye nguvu badala ya kurundika sauti nyingi. Simu ya leo hubeba saa nyingi za rekodi, lakini kanuni ya uchache bado ni mwalimu mwema.

Kazi huanza kwa kukusanya sauti, na hapa Pemba ni tajiri. Ngoma ya msewe, ambayo asili yake ni kisiwani humo, imepewa jina la njuga za majani makavu ambazo wachezaji hufunga miguuni na ambazo kishindo chake ndicho kinachoshika mwendo wa ngoma. Mtu anayetaka kuirekodi sauti hiyo hufanya vyema kuchukua mikanyago kadhaa, mizito na myepesi, kwa sababu kishindo kimoja kikirudiwa mara mia bila mabadiliko, sikio hutambua haraka kwamba anayecheza ni mashine. Hali kadhalika dufu hurekodiwa ikipigwa katikati ya ngozi na ikipigwa ukingoni, kila pigo likapewa padi yake. Baada ya hapo kimya kilichotangulia kila sauti hukatwa, kwa kuwa hata sehemu ndogo ya sekunde ikibaki mbele ya pigo, padi itaonekana kuchelewa na mdundo wote utalegea.

Hatua inayofuata ni kuweka mwendo, yaani idadi ya mapigo makuu kwa dakika. Mwendo ukiwa 100, kila pigo huchukua sekunde 0.6, na mzunguko wa mapigo manne hukamilika kwa sekunde 2.4. Mashine nyingi huja zikiwa zimepangwa kuugawa mzunguko huo katika nafasi 16, yaani nafasi nne kwa kila pigo, na pigo lolote la kidole lililotangulia au lililochelewa linaweza kuvutwa hadi kwenye nafasi iliyo karibu nalo; kitendo hicho ndicho kunyoosha mapigo.

Hapo ndipo ugumu unapojitokeza. Midundo mingi ya pwani, ukiwemo kumbwaya, ulioingia katika taarabu kutoka kwenye ngoma za pepo, huligawa pigo katika sehemu tatu, hivyo mzunguko wa mapigo manne huwa na nafasi 12, na kwa mwendo wa 100 kila nafasi huchukua sekunde 0.2. Kijana anayepiga kumbwaya kwa usahihi juu ya mpangilio wa nafasi 16 ataona mapigo yake yakivutwa pasipo mahali pake, na huenda akadhani kosa ni lake. Ukweli ni kwamba mashine yenyewe ina uwezo wa kufuata migawanyo yote miwili: sikwensa ya MPC60 iligawa kila pigo katika sehemu 96, idadi inayogawanyika kwa nne na kupata 24, na kwa tatu na kupata 32. Kinachotakiwa ni mtumiaji kuchagua mgawanyo wa tatu kabla ya kurekodi, au kuacha kabisa kunyoosha pale ambapo mkono wake unajua zaidi.

Historia ya karibuni inaonyesha kwamba mashine inaweza kutii masikio ya watu wa hapa. Katika miaka ya 1990 vikundi vya taarabu ya kisasa, East African Melody kikiwa kimojawapo, vilitegemea kinanda cha umeme na midundo yake badala ya okestra kubwa. Baadaye maprodyuza wa singeli katika mitaa ya Dar es Salaam walichukua vipande vya taarabu, wakavikata na kuviharakisha hadi kupita mapigo 200 kwa dakika, na mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso zilikusanywa katika albamu ya Sounds of Sisso iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Hata hivyo, kukata wimbo wa mwengine kuna mipaka yake. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inamlinda mtunzi wa kazi ya asili, na COSOZA, chombo kinachosimamia haki hizo visiwani, ndipo pa kuanzia kwa anayetaka kutumia kipande cha wimbo usio wake. Ngoma za jadi nazo zina wenyewe hata pale zisipokuwa na mtunzi mmoja anayejulikana, na kikundi kilichorekodiwa kinastahiki kuombwa idhini, kutajwa na kupata sehemu ya mapato. Zaidi ya sheria kuna adabu: adhana na kisomo cha Kurani havikatwi kutiwa katika wimbo wa kuchezea, na jamii ya Pemba haina haja ya kuandikiwa kanuni ili ilijue hilo.

Sauti za ngoma zinazouzwa au kugawiwa bure katika intaneti zinapatikana kwa kila mtu duniani, na nyimbo zinazotegemea sauti hizo peke yake hufanana. Msewe, dufu na kumbwaya vinahitaji mtu aliyevisikia tangu utotoni ili aziweke nafasi 12 zake mahali pake. Basi kijana wa Wesha anayeanza kazi hii na aanze kwa kuwaendea wazee wa ngoma akiwa na kinasa sauti na idhini yao, kisha ndipo aiwashe mashine.