Pawa Saplai ya Kompyuta ya Tawi: Tusinunue Lebo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi yeyote aliyewahi kupunjwa mshahara anaufahamu vizuri msemo huo. Zamani daftari la tawi lilikuwa kitabu kikubwa chenye mistari, kikifungiwa kabatini. Siku hizi, katika matawi mengi, daftari hilo limo ndani ya kompyuta: majina ya wanachama, michango iliyolipwa, siku za vibarua, saa za ziada, na mashauri yanayosubiri kupelekwa kwa mwajiri. Kompyuta ikizimika ni sawa na kabati kufungwa na ufunguo kupotea.

Mara nyingi kinachokufa kwanza ni pawa saplai. Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani, someni haya kabla ya kutoa fedha za wanachama dukani.

YALIYOTUPATA BUGENDANA

Msimu mmoja wa kahawa, mwezi wa Aprili, kompyuta ya tawi letu dogo hapa Bugendana, mkoani Gitega, ilizimika ghafla. Mashine ya kusaga mahindi ya jirani ilikuwa imewashwa. Taa zikafifia, zikawaka tena kwa nguvu, kisha harufu ya kuungua ikajaa ofisini. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwamo orodha ya vibarua wa kuchambua na kuosha kahawa, siku walizofanya kazi na malipo waliyokuwa wakidai. Msimu ukiisha, vibarua hao hurudi makwao. Anayeondoka kabla hesabu yake haijakamilika ni vigumu kumpata tena, na kwake yeye ni vigumu zaidi kudai.

Tulifanya haraka. Tukamtuma kijana mjini, akarudi na pawa saplai mpya, nyepesi, iliyoandikwa wati 500 kwa herufi za dhahabu. Bei yake ilitufurahisha. Ilifanya kazi wiki tatu. Ilipokufa, ilikufa pamoja na bodi kuu ya kompyuta. Tulipoipeleka kwa fundi mmoja mzee, aliipima kwa mkono, akasoma ubavuni, akasema: "Ndugu Katibu, hapa mmenunua lebo."

Kwa bahati diski ilipona, na orodha ya vibarua tukaipata. Lakini fedha za wanachama zilikuwa zimetumika mara mbili, na mkutano wa tawi ulituuliza maswali makali. Wanachama walikuwa na haki ya kuuliza. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza kwa mafundi.

KAZI YA PAWA SAPLAI

Pawa saplai ni lile sanduku la chuma lenye feni, nyuma ya kompyuta, ambamo huchomekwa waya utokao ukutani. Mafundi wanaotumia Kifaransa huliita alimantasyo. Umeme wa ukutani nchini Burundi ni wa volti 220. Kompyuta haiwezi kutumia umeme mkali namna hiyo. Inataka volti 12, volti 5 na volti 3.3. Pawa saplai huupokea ule mkali, ikaupunguza, ikaunyoosha na kuugawa kila mahali panapohitajika. Ni kama mpishi wa kambini: akikosea chungu kimoja, kambi nzima inaugua.

Kanuni ya ATX, iliyoletwa na kampuni ya Intel mwaka 1995 na inayofuatwa na kompyuta nyingi za mezani, inataka vipimo hivyo vikuu visipande wala kushuka zaidi ya asilimia 5. Kwa hiyo ile volti 12 yapasa ikae kati ya 11.4 na 12.6. Pawa saplai mbovu hushindwa kazi hiyo, hasa pale umeme wa nje wenyewe unapoyumba. Ni kweli kwamba umeme umeongezeka mkoani kwetu. Mtambo wa jua wa Mubuga, wenye megawati 7.5, ulianza kazi mwaka 2021. Lakini mtambo mkubwa hauzuii taa za kijijini kufifia pale mota kubwa iliyo kwenye waya huo huo inapowashwa.

KWANZA AJULIKANE MGONJWA NI NANI

Kabla ya kununua, hakikisheni kwamba pawa saplai ndiyo iliyokufa. Jaribuni soketi kwa taa. Badilisheni waya wa kuchomeka. Angalieni kama swichi ya nyuma imewashwa. Kisha fundi aipime kwa mita, au aweke pawa saplai nyingine iliyo nzima aone kama kompyuta itaamka.

Mtu asiye fundi asilifungue kamwe sanduku lenyewe. Ndani mna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Umeme huo unaweza kuua.

YA KUANGALIA DUKANI

Jambo la kwanza ni umbo na vichomeo. Chukueni ile ya zamani mwende nayo dukani. Kichomeo kikubwa cha bodi kwa kawaida kina pini 24, na karibu na prosesa kuna kingine cha pini 4 au 8. Kompyuta nyingi za ofisi za Dell na HP zina vichomeo vyao wenyewe au masanduku ya umbo la pekee. Pawa saplai ya kawaida haiziingii. Msikubali kichomeo kilazimishwe.

Pili, msisome wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa. Someni jedwali dogo ubavuni, mtafute mstari wa volti 12, mwone ni ampea ngapi. Zidisheni ampea hizo kwa 12. Kompyuta za leo huchota karibu nguvu zao zote katika mstari huo. Ile yetu ya wati 500 ilikuwa na ampea 14. Mara 12, ni wati 168. Wati nyingine 332 zilikuwa za mapambo. Pawa saplai ya kweli ya wati 400 huwa na ampea 30 au zaidi katika mstari huo. Kompyuta ya kuandikia barua na kuweka hesabu, isiyo na kadi kubwa ya picha, kwa kawaida haifiki wati 150. Kwa hiyo tawi halihitaji wati 700. Linahitaji wati 300 au 400 zilizo za kweli.

Tatu ni uzito. Pawa saplai nzuri ina shaba ya kutosha, vyuma vya kupoza joto na kapasita kubwa. Ukiishika unauhisi mzigo. Uzito peke yake si ushahidi kamili, lakini sanduku jepesi kama kopo tupu mliache pale pale.

Nne, angalieni kama nyuma kuna kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Hapa kwetu lazima kisome 230. Kikiachwa kwenye 115, mkichomeka mtasikia mlio na kuona moshi. Zile zilizoandikwa zapokea volti 100 hadi 240 hazina haja ya kiswichi hicho. Hizo huvumilia vizuri zaidi umeme unaoshuka.

Tano ni kinga. Pawa saplai inayoaminika hujizima yenyewe volti zikizidi, mzigo ukizidi au nyaya zikigusana. Kinga hizo huandikwa kwenye boksi au kijitabu chake. Kama ile yetu ingekuwa nazo, huenda bodi kuu ingepona.

Sita ni alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004. Maana yake ni kwamba katika kila wati 100 zinazotoka ukutani, wati 80 au zaidi huifikia kompyuta. Zinazobaki hupotea kama joto. Alama hiyo ni ya kupima upotevu wa umeme, nayo haihakikishi uimara. Tena kuna wanaoibandika kwa uongo. Ioneni kuwa ushahidi mmoja kati ya mingi.

Je, iliyotumika? Mafundi wanasema pawa saplai iliyotolewa katika kompyuta nzuri ya ofisi yaweza kuishinda mpya isiyojulikana ilikotoka. Lakini ipimwe ikiwa na mzigo, feni izunguke bila kukwaruza, na fundi achungulie kapasita: zilizovimba juu au kuvuja, hiyo si ya kununua.

MSIUKATE WAYA WA ARDHI

Jambo hili ni la usalama wa mfanyakazi, na chama hakina budi kulisimamia. Soketi zetu ni za pini mbili za duara, na zilizo kamili zina pini ya tatu ya ardhi. Bidhaa nyingi hutufikia kutoka Tanzania kupitia Kobero, mkoa wa zamani wa Muyinga, zikiwa na plagi za pini tatu bapa. Wengi wetu huikata plagi hiyo, tukafunga nyingine ya pini mbili, na ule waya wa kijani na njano ukaachwa ukining'inia. Ndiyo sababu makarani wengi husema kompyuta "inawatekenya" wakigusa chuma chake. Umeme unaovuja hauna pa kwenda, nao humpitia mtu. Nunueni waya wenye plagi inayofaa, na fundi ahakikishe kwamba ardhi ya jengo inafanya kazi.

Yafaa pia kuweka stabilaiza, au yu-pi-es yenye betri, ili umeme ukikatika karani apate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Baadhi ya yu-pi-es za bei ndogo hazipatani na pawa saplai za kisasa. Zijaribuni pamoja kabla ya kulipa.

FEDHA NI ZA WANACHAMA

Baada ya masaibu yale, tawi letu liliamua mambo manne. Kifaa cha ofisi hakinunuliwi na mtu mmoja. Huenda watu watatu, mmoja wao akiwa fundi au mtu anayejua kusoma lile jedwali la ubavuni. Hakinunuliwi bila risiti na dhamana ya maandishi yenye tarehe. Kifaa kilichokufa hurudishwa ofisini kionekane, na risiti husomwa mbele ya mkutano. La nne ndilo kubwa: kila Jumamosi wakati wa msimu, orodha ya vibarua hunakiliwa kwenye flashi, na nakala moja huchapwa na kutiwa sahihi na mwakilishi wao.

Hata pawa saplai bora kuliko zote itakufa siku moja. Siku hiyo kibarua wa Bugendana asiambiwe kwamba jasho lake limeungua pamoja na kompyuta. Aonyeshwe karatasi, asome jina lake na siku zake, aende akadai.