Kuokota Madini ya Kilindini kwa Nguvu ya Maji

Kati ya Hawaii na Meksiko, zaidi ya mita 4,000 chini ya Bahari ya Pasifiki, sakafu ya bahari imetapakaa mawe meusi yanayoenea kiganjani. Yamejaa manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Ukipasua moja, huenda ukakuta katikati jino la papa. Madini yamelizunguka tabaka juu ya tabaka, milimita chache tu kwa kila miaka milioni moja.

Mawe haya hayahitaji kuchimbuliwa. Yamelalia tope laini, na sepeto la chuma lingezoa tope zaidi kuliko mawe. Ndiyo maana wahandisi wakageukia maji. Mtambo hutambaa sakafuni ukifyatua maji kwa kasi kufuata bamba lililopinda. Maji hung'ang'ania mpindo huo, kanieneo hushuka, na maji ya chini hufyonzwa juu pamoja na mawe. Jambo hili, lililopewa jina la mhandisi wa Romania, Henri Coandă, unaweza kulijaribu jikoni: shika kijiko kwa mkia, kilegee, kisha gusisha mgongo wake kwenye maji ya bomba. Hakisukumwi pembeni; kinavutwa ndani.

Mwaka 2022 meli ya Hidden Gem, ya kampuni ya Allseas, iliijaribu njia hii kwa niaba ya The Metals Company. Takriban tani 3,000 za mawe zilifika juu kupitia bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita nne, zikipandishwa kwa hewa iliyoshindiliwa bombani.

Kwa ufundi, kazi safi. Ila maji hayachagui: hunyanyua na tope, pamoja na viumbe wanaoishi ndani yake. Sponji walioshikamana na mawe huondoka nayo. Alama za mtambo uliojaribiwa huko mwaka 1979 zilikuwa bado zinaonekana wanasayansi waliporudi baada ya zaidi ya miaka 40, ingawa baadhi ya viumbe walikuwa wameanza kurejea.

Watetezi wa uvunaji huu husema kobalti yake, inayohitajika kwa betri za magari ya umeme, itapunguza kuitegemea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Hoja hiyo mimi naiona ina ufa. Magari mengi ya umeme, hasa China, sasa yanatumia betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti wala nikeli.