Piga picha za machweo bila kuunguza macho

Je, umewahi kwenda Marafa jioni ukiwa na kamera? Korongo hilo lililoko kaskazini mwa Malindi, katika Kaunti ya Kilifi, ambalo Wagiriama huliita Nyari, huwavutia wageni wengi jua linapokaribia kutua. Wakati huo kuta na minara yake ya mchanga ulioshikamana, iliyochongwa na mvua na upepo, hung'aa kwa rangi ya chungwa na nyekundu.

Lakini kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Lenzi ya kamera, hasa ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, hukusanya mwangaza. Ukiielekeza kwenye jua huku ukichungulia katika kitundu cha kamera, mwangaza huo unaweza kuunguza retina, yaani utando wa nyuma ya jicho. Hutahisi uchungu wowote, kwani retina haina neva za maumivu. Usidanganyike kwamba jua la jioni limepoa. Miwani ya jua nayo haitoshi kukukinga.

Dalili huanza saa chache baadaye: doa jeusi katikati ya kitu unachotazama, ukungu machoni, au mistari iliyonyooka kuonekana imepinda. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya jeraha hili. Wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi kadhaa, lakini wengine hubaki na doa hilo. Ukiona dalili hizi, usinunue matone dukani. Mwone daktari wa macho mara moja.

Ufanye nini basi?

• Lipe jua kisogo. Ulichoendea ni miamba, na rangi zake hukolea jua likiwa nyuma yako.

• Ikiwa ni lazima jua liwemo pichani, tazama kwenye skrini ya kamera au simu.

• Usirudi nyuma huku ukichungulia kamera. Kingo za korongo humomonyoka.

• Kunywa maji kabla ya kuona kiu, na ubebe tochi. Huku karibu na ikweta, giza huingia upesi baada ya jua kutua.

Ukiwa na watoto, usiwaachie kamera yenye lenzi ndefu wachungulie jua. Mtoto akiumia jicho bila maumivu, huenda asikwambie kamwe.