Waliocheza Kwao Wasituzwe

Wahenga wamesema: Mcheza kwao hutuzwa. Leo twataka kumweleza msomaji habari za watu waliocheza kwao, wakacheza kwa ustadi wa kushangaza, wala wasituzwe.

Katika Marekani uko mchezo wa besiboli, ambao watu wa huko huupenda kama sisi tupendavyo kandanda. Mmoja hutupa mpira, na mwingine huungoja na gongo mkononi aupige mbali awezavyo, kisha apige mbio. Mchezo huu wataka mkono, jicho na miguu. Na katika hayo matatu hakuna hata moja lipimwalo kwa rangi. Juu ya hayo, kwa zaidi ya miaka 60 mtu mweusi hakupata nafasi katika ligi kubwa za nchi ile.

Mnamo mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi aliyesoma chuo kikuu, aliichezea timu ya Toledo katika ligi kubwa. Lakini mwaka 1887 wenye timu za ligi moja ndogo walikata shauri wasiwape watu weusi mikataba mipya, na wengine wakafuata mwendo huo kimya kimya. Katika ligi kubwa haikuandikwa sheria yoyote. Aliyeuliza aliambiwa hakuna katazo, na mlango haukufunguliwa.

Watu weusi hawakukaa wakilia. Mwezi wa Februari 1920, katika mji wa Kansas City, Rube Foster, mtupa mpira mashuhuri mzaliwa wa Texas, aliwakusanya wenye timu wakaanzisha ligi yao wenyewe. Ligi hiyo ilivunjika mwaka 1931, wakati wa dhiki kuu ya biashara, lakini nyingine zikazaliwa mwaka 1933 na 1937. Timu ya Kansas City Monarchs ilikuwa ikicheza usiku kwa taa za kuchukuliwa tangu mwaka 1930, miaka 5 kabla ya ligi kubwa kuwasha taa zao.

Maisha yao yalikuwa safarini. Walikwenda kwa basi usiku kucha, wakacheza mchana, pengine michezo miwili au mitatu kwa siku moja, kisha wakapanda basi tena. Hoteli nyingi hazikuwapokea. Chakula walipewa kwa mlango wa nyuma, au hawakupewa kabisa. Mara nyingi walipata malazi kwa jamaa weusi wa mji ule, ambao waliwafungulia nyumba zao. Na wasipopata, walilala ndani ya basi. Mtu aliyeshangiliwa na maelfu saa kumi alasiri, saa mbili usiku alitafuta pa kunawa mikono asipate.

Ndipo wengine wakahama. Willie Wells alikwenda kucheza Mexico, na mwaka 1944 alimweleza mwandishi wa gazeti ya kwamba huko alihesabiwa kuwa mwanamume kama wanaume wengine, jambo alilolikosa kwao alikozaliwa.

Kati ya wote hao, habari ya Josh Gibson ndiyo itiayo huzuni zaidi. Alizaliwa Georgia mwaka 1911, na baba yake akahamia Pittsburgh kutafuta kazi katika viwanda vya chuma. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 18, alianza kuichezea timu ya Homestead Grays. Na mwaka huo huo mkewe Helen alifariki katika uzazi, akaacha watoto pacha. Gibson akawa mpigaji asiye na mfano. Mwaka 1943 aligunduliwa kuwa na uvimbe katika ubongo, lakini aliendelea kucheza. Alikufa tarehe 20 Januari 1947, mwenye miaka 35. Siku 85 baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers, na ule mlango ukafunguka. Kaburi la Gibson lilikaa bila ya jiwe la jina mpaka mwaka 1975.

Kufunguka kwa mlango nako kulikuwa na gharama. Monarchs, waliokuwa na Robinson kabla, hawakulipwa hata senti moja. Watazamaji waliwafuata vijana wao katika ligi kubwa, na zile ligi za watu weusi zikafifia, pamoja na riziki za wengi waliozitegemea.

Mwaka 2024 wenye ligi kubwa walizitia hesabu za ligi za watu weusi katika daftari lao rasmi. Ikaonekana kwamba kwa wastani wa kupiga mpira katika maisha yote ya mchezaji, Josh Gibson ndiye wa kwanza, mbele ya weupe na weusi. Tuzo imefika, lakini mwenyewe alikuwa kaburini miaka 77.

Basi, msomaji, tazama nyumbani kwako na mtaani kwako. Yuko nani achezaye kwao leo, nasi tunangoja afe ndipo tumtuze?